Uzoefu wangu: kutwa nzima na redio ya mazungumzo, Mikindani

Nabangua korosho nyumbani, hapa Mikindani, na kwa kazi hii simu haishikiki. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na kuacha weusi vidoleni, ukigusa kioo umekiharibu. Macho yako kwenye korosho, mikono haina nafasi, kilichobaki ni masikio. Ndiyo maana redio yangu ndogo ya betri inawaka tangu alfajiri, na sitafuti muziki. Nataka watu wanaozungumza. Msimu huu wa upepo wa kusi nimesikiliza kituo kimoja baada ya kingine, na nina ya kusema.

Alfajiri ni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wenzetu wa bara wanasubiri kusikia mvua, sisi wa pwani tunasubiri upepo na mawimbi, maana nyumba nyingi hapa zina mtu baharini. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, taarifa zilirudiwa mara kwa mara kwa maneno mepesi: kiko wapi, kinaelekea wapi, wenye vyombo vidogo wasitoke. Hata barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipokatika kule Somanga, habari niliipata redioni. Kwa hili sina lawama yoyote.

Kinachonifanya ninunue betri lakini ni kipindi cha mkulima cha redio ya jamii, asubuhi. Wanamleta afisa ugani studio, watu wanapiga simu. Juzijuzi alipiga mzee mmoja wa Nanguruwe, analalamika kwamba mikorosho yake ameipulizia salfa, dawa ya ukungu, na bado maua yanakauka na kupukutika. Bwana shamba hakukimbilia jibu. Alimwamkia, akamuuliza huwa anapuliza saa ngapi. Mzee akasema kama saa nne hivi, akishakunywa chai. Hapo ndipo tulipopata somo. Saa nne kusi limeshaamka, unga unapeperukia kwa jirani. Salfa ya unga ipulizwe mapema, upepo umetulia na umande bado upo, ili ishike kwenye maua. Tena salfa ni kinga: ukingoja mpaka uone ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, umetanda mweupe kwenye maua, umeshachelewa. Mzee akauliza tena, akajibiwa tena, na mtangazaji muda wote alinyamaza. Kunyamaza kule ni ufundi. Wangapi wangemkata mzee kwa tangazo la biashara!

Habari za minada zinanikera, na nasema hivi kwa sababu ni jambo la maisha ya watu. Sasa ni msimu wa ufuta, na ufuta unauzwa kwa stakabadhi ghalani kama korosho, yaani mkulima anapeleka mazao ghalani, anapewa stakabadhi, kisha yanauzwa kwa mnada. Kituo kimoja ninachokisikiliza kinasoma bei ya juu tu, basi, wanaingia habari nyingine. Mnada wa chama gani? Ghala lipi? Bei ya chini ilikuwa ngapi? Makato je, mkulima anabaki na nini mkononi? Mtu wa kijijini akisikia bei ya juu peke yake anakwenda AMCOS, chama chake cha ushirika, na matumaini, anarudi na ugomvi. Na asiyeelewa bei ya mnada ndiye anayemwangukia mtu wa kangomba, anayemnunulia mazao kwa bei ya kutupa kabla hayajafika ghalani. Sekunde chache za kutaja ghala na bei zote mbili zingemsaidia.

Mchana nahamia DW Kiswahili, kutoka Bonn, Ujerumani. Wametangaza tangu 1963 na ukomavu unasikika. Nakipenda kipindi chao cha Kinagaubaga, kwa sababu anahojiwa mtu mmoja, anaulizwa swali gumu, anaachwa ajibu mpaka mwisho, kisha anabanwa palepale alipokwepa. Ukisikiliza, mwisho unajua huyu mtu anaamini nini.

Alasiri ni michezo, vituo karibu vyote. Simba na Yanga nazipenda kama Mtanzania yeyote, ila kuna kituo wanakaa watatu wote wanapiga kelele kwa pamoja, saa nzima, hujui nani kasema nini. Nazima. Na matangazo ya vifo wayasome taratibu, jamani. Jina la marehemu, kijiji, maziko saa ngapi, vinapita mbio kama vile msomaji anakimbizwa, na huku kusini ndugu tumetawanyika kuanzia Newala mpaka Kilwa. Wayarudie mara mbili.

Usiku kuna taarifa ya habari ya TBC Taifa, na ukibahatika unakuta mchezo wa redio. Tuliokua na Radio Tanzania tunawakumbuka Pwagu na Pwaguzi. Michezo kama ile sasa ni adimu, na watoto wangu wakiipata wanaacha kila kitu, wanasogea. Ningependa vituo vya hapa Mtwara na Lindi viandike yao, yenye watu wa huku na mambo ya huku.

Ombi langu kubwa liko kwa redio za jamii: kipindi cha mkulima kirudiwe jioni. Asubuhi kinapokwenda hewani, wengi wanaokihitaji wako shambani wanapuliza salfa, na mashine ikishanguruma mgongoni hakuna redio inayosikika.