Filamu za Kutisha zenye Visa Vingi: Za Kuanza Nazo na za Kuruka

Filamu ya aina hii huwa na visa vitatu, vinne au vitano vifupi, na juu yake hadithi moja inayovibeba. Hiyo inayobeba ndiyo ninayoipima kwanza. Kisa kimoja kikiwa kibovu unakivumilia, dakika ishirini zinapita. Lakini hadithi mama ikiwa imewekwa tu kama kamba ya kufungia sukuma wiki, filamu nzima inabaki vipande.

Kwa hilo, sijaona iliyoishinda Dead of Night ya Uingereza, ya mwaka 1945. Msanifu majengo anafika kwenye nyumba ya mashambani, anawatazama wageni waliopo, anawaambia amekwisha kuwaona wote ndotoni. Kila mmoja anatoa kisa chake, na kadiri visa vinavyosonga ndivyo ndoto inavyozidi kutimia. Kinachotisha kuliko vyote ni cha msanii anayemsemea mwanasesere, Michael Redgrave akiigiza. Kile cha wacheza gofu ni mzaha, tena umelegea, ila usikiruke. Kabla ya kubonyeza, angalia muda: nakala kamili inazidi dakika 100. Ilipopelekwa Marekani ilikatwa visa viwili, na kwa kuwa mwisho unawarudisha wahusika wa visa vyote, ukawa hauna kichwa wala miguu.

Tatizo la nakala liko pia kwa Black Sabbath (1963) ya mwongozaji Mario Bava. Tafuta ya Kiitaliano yenye manukuu, inayomalizia na The Drop of Water. Ya Marekani inaanza na kisa hicho, kwa hiyo unakula nyama kwanza halafu unabaki na mchuzi. Muuguzi ameitwa usiku kumvisha marehemu. Anaona pete kidoleni, anaivuta, inamponyoka. Akiinama kuitafuta anaangusha glasi, na maji yanaanza kudondoka, tone baada ya tone. Anapoinuka, nzi ametua pale pale pete ilipokuwa. Kuanzia hapo kazi yote inafanywa na sauti, na spika ndogo za runinga bapa huimeza. Vaa vya masikioni.

Kwaidan ya Japani (1964) ina visa vinne na huchukua kama saa tatu. Tazama viwili leo, viwili kesho. Nakala isiyo na kisa cha mwanamke wa theluji imekatwa, iache. Creepshow (1982) ni nyepesi, inachekesha na kutisha kwa pamoja, lakini kisa cha mwisho ni cha mende, mende kwa maelfu. Anayeishi na mende jikoni asiiwashe wakati wa chakula.

Kati ya filamu za mfululizo wa V/H/S, ruka ya kwanza. Ya pili (2013) ina Safe Haven, kuhusu dhehebu moja huko Indonesia, na hicho kimoja kinatosha kuilipia. Kamera inatikisika mno, kwa hiyo usikae karibu na skrini.

Upande wa vipindi, Inside No. 9 ya BBC ndiyo rahisi kwa mtu anayerudi nyumbani saa tatu usiku baada ya foleni ya Thika Road: nusu saa, kisa kimeisha, na hakuna mpangilio wa kufuata. Anza na A Quiet Night In, ambacho karibu hakina maneno, hivyo lafudhi haikusumbui. Cabinet of Curiosities ya Netflix (2022) ina vipindi 8 visivyolingana. Nenda moja kwa moja kwenye cha tatu, The Autopsy. Cha pili, Graveyard Rats, ni kifupi na kinaziba pumzi kwelikweli. Viwili vilivyotoka kwa Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha wa Marekani, cha tano na cha sita, mimi naviruka.

Sasa bando. Netflix wenyewe wanakadiria GB 0.7 kwa saa kwa ubora wa wastani, na hadi GB 3 kwa ubora wa juu (HD). Kwenye filamu za kutisha ubora wa chini una gharama yake: data inapobanwa, sehemu za giza ndizo huharibika kwanza, weusi unageuka viraka vya mraba, na kilichojificha pembeni hukioni. Heri upakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Stima ikipotea, simu inaendelea. Usiongeze mwangaza wa runinga pia, maana weusi unakuwa kijivu. Zima taa iliyo nyuma yako, halafu zima mpangilio wa kulainisha mwendo, ule unaofanya filamu ionekane kama taarifa ya habari.

Za kwetu Afrika bado ni chache. Juju Stories ya Nigeria (2021) ina visa vitatu, na Suffer the Witch ndicho kilichoiva. African Folktales, Reimagined (Netflix na UNESCO, 2023) ni filamu fupi sita zisizo na hadithi mama, na si zote za kutisha. Ya Kenya, Anyango and the Ogre ya Voline Ogutu, inachukua zimwi la ngano na kuliweka ndani ya nyumba, ambako mvulana wa miaka 13 anawakinga wadogo zake. Usiwawekee watoto kwa kudhani ni ngano tu.