Zoom H1essential kwenye tamasha: kinasa kizuri, kikisimama mahali pake

Kinasa hiki cha mwaka 2024 kimewaondolea kazi ngumu wanaorekodi muziki wakiwa upande wa watazamaji. Kinarekodi kwa biti 32 floti, mfumo wa faili unaobeba sauti ndogo mno na kubwa mno bila kuikata, hivyo hakina hata kitufe cha kupandisha au kushusha sauti inayoingia. Mwimbaji ashuke chini kabisa au ngoma zilipuke zote kwa pamoja, kiwango utakirekebisha baadaye kwenye kompyuta bila faili kuharibika.

Ila floti hulinda faili tu. Maikrofoni zenyewe mwisho wake ni desibeli 120. Zikizidiwa, mkwaruzo unakuwa umeshaingia, na hakuna programu itakayoutoa ukabaki na sauti safi. Mbele ya sabufa, yaani spika ya besi, basi, usikiweke.

Tatizo kubwa zaidi ni pembe. Maikrofoni zake mbili zimepishana kwa nyuzi 90, ule mpangilio wa X/Y, nao huchukua upana wa karibu nyuzi 180. Ukikaa nyuma kabisa, jukwaa zima halifiki hata nyuzi 30 za upana huo. Spika ya kushoto na ya kulia zinabanana katikati, na nafasi yote iliyobaki inajazwa na mwangwi na soga za watu. Wengi hulaumu kinasa wakati kosa ni la umbali. Kadiria kwa macho nafasi iliyopo kati ya spika mbili kubwa: ikiwa mita 12, simamisha stendi mita 8 hadi 12 kutoka kwenye mstari wa spika hizo. Sabufa zikiwa pande zote mbili, besi hurundikana kwenye mstari wa katikati. Sogea pembeni mita moja au mbili na itapungua.

Urefu nao ni muhimu. Miili ya watu hunyonya kwanza sauti nyembamba, yaani matoazi, nyuzi za kanuni (ala ya taarab) na herufi kama "s" na "t" za mwimbaji. Stendi ya mita 2.5 hukivusha kinasa juu ya vichwa. Omba ruhusa ya waandaaji, kisha uiweke jirani na meza ya fundi sauti, maana muziki anaupanga kwa masikio yaliyopo hapo. Kati ya stendi na kinasa weka kishikio chenye mpira, kwa kuwa bodi ni ya plastiki na kila mguso unasikika.

Ngome Kongwe, Unguja, panapofanyika tamasha la Sauti za Busara, ni uwanja wa wazi uliozungukwa na kuta za mawe, na bahari iko karibu tu, ng'ambo ya barabara na bustani ya Forodhani. Upepo wa pale sponji pekee haiuwezi; tumia kifuniko cha manyoya. Kwa taarab ya fidla, kanuni na akodiani, maikrofoni za ndani zinatosha kabisa. X/Y ina sifa nyingine nzuri: wimbo ukipigwa kwenye simu yenye spika moja, hakuna ala inayofifia.

Kama huwezi kusogea mbele, tumia tundu la milimita 3.5 la kinasa kuchomekea jozi ya maikrofoni za kadioidi, yaani zinazosikia zaidi upande wa mbele. Ziachanishe sentimita 17 na uzifungue kwa nyuzi 110, mpangilio wa ORTF uliobuniwa kwenye redio ya Ufaransa. Upana wake ni karibu nyuzi 95, kwa hiyo jukwaa halibanani sana hata ukiwa mbali. Umeme wa tundu hilo ni mdogo, na muziki mkali huzifanya baadhi ya maikrofoni zikwaruze. Kisanduku cha betri ya volti 9 kikiwekwa kati ya maikrofoni na kinasa hulitatua hilo.

Betri mbili za AAA hudumu takriban saa 10, muda unaotosha usiku mzima. Kwa kilohezi 48, yaani sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, saa moja hula GB 1.4. Kilohezi 96 hula mara mbili ya hapo, na kwa muziki uliokwisha kupita kwenye spika za uwanjani sioni faida yake.