Stendi Kwanza, Gimbali Baadaye: Vifaa vya Kutuliza Kamera kwa Kameramani wa Arusha na Moshi

Ndafu ilikuwa inaingia ukumbini na majani yake mdomoni, MC ameshapandisha sauti, matarumbeta yamepokea, na gimbali yangu, ule mkono wa mota unaoituliza kamera, ikaanza kulia kama mbu. Punde mota zikalegea, kamera ikalala upande kama mtu aliyezimia. Harusi ilikuwa Kibosho. Stendi ya kamera nilikuwa nimeiacha nyumbani Moshi mjini, kwa kuwa nilijiona nimeshavuka umri wa kubeba stendi. Nilimalizia kwa mikono mitupu, na shangazi wa bibi harusi alipoiona video aliniuliza kwa upole kama siku ile nilikuwa na homa.

Tangu hapo, kijana akinipigia na kuniuliza, "Kaka, ninunue gimbali gani?", mimi namuuliza kwanza kama ana stendi. Wengi hawana. Orodha hii imepangwa kwa kazi zinazotulisha huku: harusi na send-off, ibada, matangazo ya hoteli na ya kampuni za utalii, na nyimbo za vijana wetu. Mtu wa kazi nyingine ataipanga vingine.

1. Stendi yenye kichwa cha video

Sisemi stendi ya mabasi. Nasema tripodi, tena yenye kichwa cha video. Ile ya picha za mnato, yenye kichwa cha duara kinachozunguka kama mpira, inashika vizuri lakini haigeuki vizuri: ukitaka kufuata maharusi kutoka mlangoni hadi madhabahuni, inakwama, inaachia, inakwama tena. Kichwa cha video kina grisi au mafuta ndani yanayoupa mkono upinzani, kwa hiyo kamera inateleza kwa mwendo mmoja.

Ukiwa dukani, funga kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji. Inamisha kamera mbele kidogo kisha uachie mpini. Ikianguka yote, kichwa hicho ni chepesi kwa kamera yako, au hakina springi ya kurudisha uzito. Geuza polepole kushoto, simama ghafla, tazama kioo: picha ikirudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu, miguu au kichwa kina mchezo, na mchezo huo hauponi. Mwisho angalia pleti, kile kibao kinachofungwa chini ya kamera na kuingia kwenye kichwa. Stendi ya mtumba isiyo na pleti yake ni nusu ya stendi, na kuitafuta pleti inayoingia kunaweza kukugharimu wiki nzima. Tundu za chini ya kamera nyingi ni za skrubu ya robo inchi. Vifaa vizito hutumia ya inchi 3/8. Kile kipete kidogo cha kubadilisha moja kuwa nyingine, nunua viwili. Kimoja lazima kipotee.

Kwenye stendi, zima mfumo wa utulivu ulio ndani ya lenzi au bodi (mwili wa kamera). Ukiuacha, picha inaweza kuelea yenyewe wakati kamera haijaguswa, au kuvutana nawe unapogeuza.

2. Monopodi yenye vidole vitatu

Hiki ndicho kifaa kisichosifiwa kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote. Mguu mmoja, chini una vidole vitatu vinavyojikunjua na kiungo kinachozunguka, juu unaweka kichwa kidogo cha video. Kanisani, kwenye njia nyembamba kati ya mabenchi, tripodi inakwaza watoto na wazee. Kwenye zawadi, watu wakiwa wameshikana mabega wanacheza kuelekea meza kuu, gimbali inagongwa na viwiko. Monopodi inasimama mahali ambapo kiatu chako kinasimama. Ukitaka picha ya juu, inyooshe yote, inua juu ya vichwa vya watu, umeshapata kreni ya sekunde kumi.

Usidanganyike na vile vidole, havikubebei kamera. Usiiachie ikasimama peke yake hata kama duka zima linaiachia mbele yako.

3. Gimbali ya kamera

Sasa tuje kwenye hiki mlichokuja kukisoma.

Ndani ya gimbali kuna mota tatu: moja inageuza kushoto na kulia, ya pili inainua na kuinamisha, ya tatu inauweka upeo wa macho usiinamie upande. Kihisi kinapima mtikisiko, mota zinaujibu. Hesabu tena: tatu. Hakuna mota ya kuzuia kamera kupanda na kushuka kila unapokanyaga. Ndiyo maana mtu anatoa fedha nyingi, anakwenda kushuti barabarani, anarudi na video inayorukaruka kama imepanda bodaboda. Kazi ya mota ya nne ni ya magoti yako. Ukitaka mwalimu, kaa asubuhi njiani Uru uwatazame kina mama wanaoshuka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani. Magoti yamelegea, hatua fupi, kisigino kinatangulia, shingo haijui kama miguu inatembea. Tembea hivyo.

Kuchagua kunaanza na mizani. DJI RS 3 Mini na RS 4 Mini zinabeba hadi kilo 2. RS 3 na RS 4 hadi kilo 3, RS 3 Pro hadi kilo 4.5. Zhiyun Crane 2, toleo la 2017 ambalo bado linapita mikononi mwa watu, inabeba kilo 3.2. Pima na ulichonacho: bodi ya Sony A7 III ina gramu 650, lenzi ya Tamron 28-75 ya f/2.8 gramu 550, jumla kilo 1.2, Mini inakutosha na nafasi inabaki. Canon 5D Mark III ina gramu 950 na lenzi yake ya 24-70 f/2.8 II gramu 805. Hiyo ni kilo 1 na gramu 755. Kwa karatasi bado Mini inaibeba, lakini ukiongeza maiki ya juu unaigusa kilo 2, na bodi nene na lenzi ndefu huweza kugonga mkono wa gimbali kabla hujasawazisha. Hapo nenda daraja la kilo 3. Kumbuka uzito wa gimbali yenyewe unaingia kwenye kifundo hichohicho cha mkono, na send-off haimaliziki saa tatu usiku.

RS 3 Mini ilipotoka Januari 2023 iliuzwa dola 369 Marekani, na RS 4 dola 549 mwaka 2024. Ukitajiwa bei ya huku, linganisha na hizo, weka usafiri na kodi, halafu jua faida ya muuzaji ni ngapi. Kwa anayeanza, chaguo langu ni RS 3 Mini au DJI RSC 2 iliyotumika kwa uangalifu. Mwenye 5D atafute RS 3.

Kununua iliyotumika kuna adabu yake. Ikiwa imezimwa, zungusha kila mkono kwa vidole: usikie ulaini, si mchanga. Vumbi la barabara za mbugani linapenda kuingia humo. Funga kamera ikiwa na betri na kadi yake, mfuniko wa lenzi umetolewa, kisha sawazisha kabla ya kuwasha; kamera iliyosawazishwa hubaki popote unapoiacha, juu, chini au upande. Washa, izoeshe mota kwa uzito huo kwa kitufe chake cha kujipima, halafu iweke mezani dakika tano. Upeo ukianza kuinama wenyewe na kujirekebisha hakusaidii, shukuru, rudisha, nenda zako. Zile za DJI huamshwa mara ya kwanza kwa programu ya simu. Hakikisha hilo limefanyika mbele yako na si ahadi.

Halafu betri, ambazo ndizo zilizoniaibisha Kibosho. Gimbali kadhaa, Crane 2 ikiwamo, hutumia betri za mviringo za 18650. Niliyenunua kwake alinipa tatu zilizoandikwa mAh 9,900 na nikafurahi. Betri halisi ya ukubwa huo haivuki sana mAh 3,500, na uzito wake ni gramu 45 hadi 50. Yoyote inayojitangaza mbali zaidi ya hapo ni uongo uliobandikwa karatasi ya rangi. Iweke kwenye mizani ya muuza dhahabu kama huna yako. Nyingi za bandia ni nyepesi. Umeme ukikatika mchana wa harusi, betri za kweli ndizo zitakazokuvusha.

Ukibadilisha lenzi, sawazisha upya. Hata kuvuta zumu inayorefuka kunahamisha uzito. Wengi hulazimisha mota zivumilie, na mota huvumilia mpaka siku zisipovumilia.

4. Gimbali ya simu, na Pocket

Kama kazi yako ni video fupi za duka la nguo, saluni au mgahawa wa Njiro, kifaa hiki kingepanda juu kabisa. Osmo Mobile 6 ya DJI imetengenezwa kwa simu za gramu 170 hadi 290, kwa hiyo lile kava zito la kuzuia kuvunjika livue kwanza. Anayepanda mlima naye asibebe gimbali ya kamera. Osmo Pocket 3, iliyotoka Oktoba 2023, ina gramu 179, kamera yake imo ndani na gimbali yake ndogo, na inaingia mfukoni mwa koti. Betri yake haitoki, basi chukua paua benki na vyote vilale nawe ndani ya begi la kulalia. Baridi ya juu inanyonya chaji hata kama hukushuti kitu.

5. Glidecam na ndugu zake

Mmarekani Garrett Brown ndiye aliyebuni Steadicam katikati ya miaka ya 1970, na vifaa hivi vya mkono vyenye vyuma vya uzito chini ni wajukuu zake. Havina betri, havina mota, vumbi haviogopi. Ila vinadai mazoezi ya wiki, na upepo wa jioni ukikupata uwanjani kamera inageuka yenyewe kama kuku wa bati juu ya paa. Ukikikuta kwa bei ya bure, chukua. Vinginevyo pita.

6. Slaida na fremu ya begani

Slaida, reli fupi ya kutelezesha kamera, ni nzuri kwa pete, keki na chakula cha hoteli. Kodi siku unayoihitaji. Fremu ya begani nyepesi ya plastiki inahamisha mtikisiko kutoka mikononi na kuupeleka kwenye pumzi zako.

Nje ya orodha: mfuko wa maharage

Madereva wa safari wa Arusha wanaujua huu kuliko sisi. Kwenye Land Cruiser iliyofunguliwa paa, tripodi haina pa kusimama na gimbali haina maana kwa lenzi ya milimita 400. Kanunue miguu miwili ya jinzi sokoni Memorial, Moshi, mpe fundi cherehani aishone mifuko yenye zipu, ijaze maharage au mchele kutoka soko la Kilombero, Arusha. Laza juu ya ukingo wa paa, lenzi ilale humo, kisha mwombe dereva azime injini. Mngurumo wake ndio adui, si mkono wako. Anayeruka na ndege ndogo abebe mfuko mtupu akaujaze huko. Mimi wangu wa kwanza ulipikwa kambini siku ya nne, mboga zilipoisha.

Vidogo vinavyosahaulika

Kutulia kwa picha si mota tu. Ukishuti fremu 25 kwa sekunde, weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50. Ukitaka mwendo wa polepole kwa fremu 50, weka 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo namba hizo pia hupunguza taa za ukumbi kupepesa kwenye picha. Saa sita mchana 1/50 itakuchomea picha nyeupe pee, na hapo ndipo filta ya ND inapoingia, miwani ya jua ya lenzi. Ni nyongeza ya kwanza ninayoshauri, kabla ya mpini wa pili na kabla ya kile kitufe cha kufuatisha fokasi.

Wenye Sony kama ZV-E10 au A7 IV wana njia ya pembeni. Kamera hizo hurekodi data za mtikisiko pamoja na video, na programu ya bure ya Gyroflow huzitumia kuituliza picha baadaye kwenye kompyuta. Inakata kingo kidogo na inataka shata ya kasi zaidi, utulivu wa ndani ukiwa umezimwa. Kwa usiku wa ukumbini haifai.

Droni ni soko lingine: huko unaanza na kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na hifadhini unahitaji ruhusa zaidi.

Pa kununulia

Kodi kabla ya kununua. Kameramani wenzako wa Kaloleni au Double Road wana gimbali zinazolala kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na siku mbili za kukodi zitakufundisha kuliko video ishirini za mtandaoni. Ukiagiza Kariakoo, omba utumiwe video ya kifaa kikiwa kimewashwa, chenye namba yake ya kiwandani (serial number) inayosomeka, kabla hakijapakiwa basi. Mzigo ukifika, fungua boksi palepale kwenye ofisi ya mizigo huku simu inarekodi, na linganisha namba hiyo na uliyoona. Ukileta kutoka Nairobi, lipia ushuru Namanga na tunza karatasi yake pamoja na risiti. Siku utakapouza kifaa hicho, mnunuzi mwenye akili ataziulizia kabla hata ya kuuliza bei.