Ziara ya Eton: nenda kwa ajili ya kanisa, si kwa ajili ya vigogo

Ziara ya kuongozwa ndani ya Eton College hujulikana zaidi kwa mawaziri wakuu 20 wa Uingereza waliosoma pale. Hilo ndilo jambo lake dogo kabisa. Orodha ya vigogo unaweza kuisoma ukiwa kitandani. Kinachostahili nauli ya treni ni majengo, kwa sababu ukiyatazama kwa makini unaona shule ya matajiri iliyoanza kama sadaka, tena ikaishia nusu ya ramani yake.

Mfalme Henry VI aliianzisha mwaka 1440 ili wavulana 70 maskini wasome bure, na mwaka uliofuata akaanzisha King's College kule Cambridge wapate pa kwenda wakimaliza. Mfano aliutoa shule ya Winchester, akamchukua na mwalimu mkuu wa huko, William Waynflete. Wengine waliruhusiwa kusoma pamoja nao wakijilipia malazi mjini. Hawa huitwa oppidans, kutokana na neno la Kilatini la mji. Basi wageni wakageuka wenye nyumba. Leo wavulana ni kama 1,300. Wale wa mfalme wamebaki 70 vilevile, na ada ya mwaka, pamoja na kodi ya VAT iliyoanza kutozwa Januari 2025, imepita pauni 60,000. Misaada ya ada ipo, lakini huombwa mapema na kipato cha mzazi huchunguzwa.

Ukitoka London, treni rahisi ni ya kituo cha Waterloo hadi Windsor & Eton Riverside, moja kwa moja, karibu saa nzima. Ya Paddington ni ya haraka zaidi ila unabadilisha Slough. Ukishuka, vuka daraja la Windsor kwa miguu (magari hayapiti tangu 1970), kisha ifuate High Street mpaka mwisho. Kosa la kawaida ni kwenda bila kuweka nafasi. Hii ni shule inayofanya kazi: ziara haziko kila siku, na kanisa hufungwa likiwa na ibada au shughuli. Weka nafasi mtandaoni kwanza, ndipo ukate tiketi ya treni. Vaa viatu bapa, maana ua mkuu umetandazwa mawe. Na usiwapige picha wanafunzi, hata kama makoti yao yenye mikia yanavutia.

Uani, sanamu ya shaba ya Henry imesimama tangu 1719. Usikae hapo sana. Ingia Lower School, darasa la karne ya 15 ambalo bado linafundishiwa, lenye nguzo nene za mbao zilizochorwa majina kwa visu. Juu yake ilikuwa Long Chamber, bweni la wale 70. Usiku walifungiwa humo mpaka asubuhi bila mtu mzima, wakubwa wakiwatumikisha wadogo na panya wakizurura. Sifa yake mbaya ilienea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1840 nafasi hizo za bure zikakosa waombaji, ndipo bweni likakatwakatwa na jengo jipya likaongezwa. Siku hizi kila mvulana ana chumba chake tangu siku ya kwanza. Aliyelala kwenye dabo deka na sanduku la bati chini ya kitanda atajua hiyo ina maana gani.

Sasa kanisa, na hapa usikubali kuharakishwa. Unapanda ngazi kwanza, kwani sakafu iliinuliwa kama mita 4 kuepuka mafuriko ya mto Thames. Mwenye shida ya magoti aulize njia nyingine kabla ya siku yenyewe. Unachokiona ndani, kwa urefu wote huo, ni sehemu ya mbele tu ya kanisa lililokusudiwa. Henry alipong'olewa madarakani mwaka 1461, Edward IV, mfalme aliyemrithi kwa nguvu, aliinyang'anya shule mali na kutaka kuimeza ndani ya kanisa la St George's la Windsor. Shule iliponea chupuchupu, fedha zikakauka, na Waynflete akaufunga ujenzi kwa ukumbi mfupi wa kuingilia. Ukitoka, tembea kidogo Keate's Lane utafute kibao ukutani kinachoonyesha ukuta wa magharibi ungefika wapi. Simama hapo ugeuke nyuma, ndipo utakapoelewa ukubwa wa ile ndoto.

Kutani mwa kanisa kuna picha zilizochorwa kati ya 1479 na 1487. Mwaka 1560, baada ya mageuzi ya dini, kinyozi wa shule alilipwa azipake chokaa. Zilifichuka tena 1847, mafundi wakakwangua safu ya juu kabla ya kuzuiwa. Iliyobaki ilisafishwa na kuonekana vizuri 1923. Zina rangi chache, nyingi za kijivu, hivyo siku ya mawingu hazionekani sawasawa. Chagua muda wenye jua.

Halafu inua kichwa. Dari lina mbavu zilizochanua kama mkia wa tausi, na wageni wengi huapa ni la karne ya 15. Siyo. Bungua walikuwa wamelila paa la mbao, likabomolewa, na hili likakamilika 1959: zege lililovikwa mawe, linaning'inia kwenye fremu za chuma zilizofichwa juu yake. Kwa hiyo halibebi kitu. Lenyewe ndilo limebebwa. Vioo navyo ni vipya, kwa sababu bomu la Desemba 1940 lilivunja karibu vyote. Dirisha kubwa la mashariki ni kazi ya Evie Hone wa Ireland.

Upper School ina majina mengi yaliyochongwa, la mshairi Shelley likiwemo, pamoja na habari za John Keate, mwalimu mkuu aliyechapa wavulana zaidi ya 80 kwa mkupuo mmoja mwaka 1832. Ukuta wa Wall Game, mchezo wa mpira wa Eton unaochezwa kwa kusukumana kando ya ukuta, utauona kwa mbali tu. Hupungukiwi chochote: katika mechi kuu ya St Andrew's Day, goli la mwisho lilifungwa 1909.

Msomaji wa Kenya amuulize mtembezaji kuhusu daraja dogo la mawe huko viwanjani, la kumbukumbu ya mwindaji Denys Finch Hatton, aliyesoma hapa, akafa kwa ajali ya ndege Voi mwaka 1931 na kuzikwa Ngong. Ziara nyingi hazifiki huko, kwa hiyo uliza mwanzoni, kabla kundi halijaondoka uani.