Easy Print kwenye seva ya mbali: naipa nyota nne, ya tano naibania

Easy Print ni njia ya Windows ya kuchapa kwenye printa iliyo karibu nawe ukiwa ndani ya seva, yaani kompyuta kuu, ya mbali. Siku niliyoijua nilikuwa na madereva wawili wa kunitesa. Mmoja wa lori, amekaa benchini hapa ofisini kwetu Shimanzi, Mombasa, akisubiri karatasi zake awahi mizani ya Mariakani. Wa pili ni yule wa printa, yaani draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa, ambaye hakuonekana kabisa.

Ofisi yetu ni ya wakala wa forodha. Programu ya hesabu haimo kwenye kompyuta zetu, imo kwenye seva iliyoko Nairobi, nasi huiingia kwa Remote Desktop, njia ya kuitumia kompyuta ya mbali kupitia mtandao. Printa nayo iko hapa chini ya meza yangu kwa waya wa USB. Kwa hiyo ankara ya kutoka hatua mbili mbele yangu yaanzia Nairobi.

Printa ya zamani ilipokufa tukanunua nyingine ya leza (kampuni siitaji). Nikichapa kutoka kompyuta yangu, safi. Nikiingia kwenye seva, haimo kwenye orodha. Fundi wa kwanza akafanya lile ambalo wengi hulifanya: akapakia draiva ya kampuni ndani ya seva. Ankara ya kwanza ikatoka imejaa alama za ajabu kama hirizi, ya pili haikutoka, kisha spula (programu inayopanga foleni ya kazi za kuchapa) ikaanguka. Na spula ya seva ni moja kwa watu wote. Haikupita robo saa, Nairobi wakapiga simu: "Nyinyi wa Mombasa mumefanya nini tena?"

Kijana wa pili alipokuja hakugusa printa. Alifungua kumbukumbu za matukio za seva, akanionyesha namba 1111: draiva inayohitajika haijulikani. "Dada, hili kosa lilikuwepo kabla ya fundi wenu," akasema. "Dawa yake si kuongeza draiva." Kwa njia ya zamani, jina la draiva kwenye kompyuta yako na kwenye seva sharti lilingane herufi kwa herufi. Easy Print, iliyokuja na Windows Server 2008, haina haja hiyo. Seva haihitaji kuijua printa yako. Inafunga kazi kwa muundo wa XPS (aina ya faili ya kurasa zilizo tayari kuchapwa), inaituma kwako, na draiva iliyo kwenye kompyuta yako ndiyo inayomalizia.

Akasimamisha spula, akafuta kazi zilizokwama, akaing'oa ile draiva, akaiwasha spula tena. Kwenye sera za seva akawasha mpangilio wa kuitanguliza Easy Print. Kwangu akahakikisha kisanduku cha Printers, chini ya Local Resources, kina tiki kabla sijaunganisha. Kisha nikatoka na kuingia upya. Kutoka kwenyewe ni kutoka kikweli, maana ukifunga dirisha tu kikao kinabaki hai kule na mambo yake ya zamani. Karatasi ikatoka. Dereva wa lori aliondoka saa tisa, hakuniaga.

Faida nyingine niliiona baadaye. Tangu Agosti 2021, baada ya ule udhaifu wa spula ulioitwa PrintNightmare, Windows inataka msimamizi wa mfumo ndiye aweke draiva za printa kutoka kwenye seva ya kuchapishia. Sisi makarani hatuna ruhusa hiyo, na kwa njia hii hatuihitaji.

Sasa lawama zangu. Jina la printa ndani ya kikao lina namba ya kikao mwishoni, na namba hiyo hubadilika ukiingia upya. Programu yetu ilikuwa imekariri jina la jana, kwa hiyo kila asubuhi inatafuta printa isiyokuwepo. Tuliponea kwa kuiambia itumie printa chaguo-msingi, vyovyote iitwavyo siku hiyo.

Nyota ya tano imeliwa na printa yetu ya pini, ile ya karatasi zenye nakala za kaboni. Kwa Easy Print hati huifikia printa hiyo kama mchoro wa ukurasa, si kama maandishi matupu, na printa ya pini kuchora picha ni sawa na kumpa mshona viatu kazi ya kudarizi kofia. Hati moja ya makabidhiano ilikwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi mzee wetu akatoka ofisini kwake kuuliza nani anasaga nazi. Hiyo tumeitoa kwenye seva. Hati zake tunazichapa moja kwa moja kutoka kompyuta ya hapa.