Uzoefu wangu: binti yangu kupewa dawa ya kutuliza kwa daktari wa meno, Kampala

Naandika kwa ajili ya wazazi walioambiwa kwamba mtoto wao atahitaji dawa ya kutuliza ndipo atibiwe meno, na sasa usiku hawalali. Binti yangu ana miaka mitano. Magego yake mawili ya chini yalikuwa yameoza, moja hadi kwenye neva. Kliniki iko upande wa Muyenga. Jina nitaliacha, maana nina sifa zake na nina lawama zake pia.

Huko tulikoanzia, kliniki nyingine ya mjini, walimkamata kwa nguvu. Mmoja miguu, mwingine kichwa, mimi nikaambiwa ningoje nje. Jino halikuzibwa. Alichotoka nacho ni kulia kila akiona koti jeupe, hata la muuza nyama wa Kansanga.

Daktari wa Muyenga alianza na maswali kabla hata ya kumwambia mtoto afungue mdomo. Anakoroma usiku? Ana pumu? Moyo uko sawa? Amewahi kupewa nusukaputi? Kuna dawa anayotumia? Siku hiyo alikuwa na makamasi. Daktari akasema basi, turudi yakishakwisha kabisa, kwa sababu koo na njia ya hewa zenye mafua huchokozeka upesi mtoto akishasinzia. Mume wangu alinung'unika, alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mimi nilitoka nimeridhika. Pesa yetu ilikuwa mkononi na aliikataa.

Tulipewa njia mbili. Ya kwanza ni gesi, naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, ambayo mtoto huivuta kwa pua kupitia kibarakoa kidogo. Inakolea kwa dakika chache, na wakiizima wakampa oksijeni tupu, akili hurudi haraka. Ningeipenda hiyo, lakini inataka mtoto akubali barakoa, na wangu aliitupa chini. Tukabaki na midazolamu ya kunywa. Hii si nusukaputi: mtoto analegea, anasinzia, lakini ukimwita anaitika na anapumua mwenyewe. Jambo ambalo wazazi wengi hatuambiwi ni kwamba dawa hii haiondoi maumivu. Sindano ya ganzi iko palepale. Tofauti ni kwamba inapochomwa, mtoto hana hofu ya kupigana nayo.

Sasa lawama. Mapokezi walinitumia ujumbe wa mstari mmoja: asile wala asinywe chochote kuanzia saa sita usiku. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Nikampigia daktari, akashangaa. Utaratibu aliotaka ni huu, ukihesabu idadi ya saa kabla ya dawa, si saa za ukutani: vyakula vya mafuta kama chipsi na kuku, saa nane kabla, chakula chepesi na maziwa ya ng'ombe, saa sita kabla, maziwa ya mama, saa nne, maji matupu anaruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Chai ya maziwa ni chakula, msidanganyike kwa kuwa iko kwenye kikombe. Sababu yenyewe ni nzito: mtoto aliyelegezwa na dawa akitapika, matapishi yanaweza kuteremka kwenye mapafu, kwa sababu ule mkohoo wa kujikinga umedhoofika. Kwa hiyo katazo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kumnyima mtoto maji usiku kucha kwa sababu mtu wa mapokezi hataki kuandika mistari mitatu zaidi.

Binti yangu alikunywa maji saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka. Kumbe tulipangwa nyuma ya watu wazima, na tuliingia saa tano. Nesi alikubali apewe tena maji kidogo tulipofika, lakini njaa ilishaanza kumtia hasira. Mdogo wake nilimwacha kwa shangazi yake, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana nje ya geti kuna kijana anakaanga rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, na harufu ilikuwa inaingia mpaka ndani. Mtoto aliyezuiwa kula apangwe wa kwanza. Hili niliwaambia kwa mdomo na nalirudia hapa.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa nyumbani, nayo ilikuwa kazi ya kufuta maneno ya watu. Mnajua tunavyolea: "ukileta utundu nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Majirani, wajomba, hata dada wa kazi, wote walikuwa wameshamwambia. Jirani mmoja akaongeza habari za ebiino, kwamba meno yameoza kwa sababu hakutolewa "meno ya uongo" alipokuwa mchanga. Hayo meno ya uongo ni vichipukizi vya chonge ambavyo havijatoka bado, na kuna watoto hapa Uganda waliochokonolewa fizi kwa spoku ya baiskeli kwa imani hiyo. Nilimjibu kwa heshima, kisha nikafunga mlango.

Kwa mtoto sikusema "hutaumia", kwa sababu asingeniamini tena. Nilimwambia: utakunywa dawa chungu kidogo, utasikia usingizi, daktari atalihesabu jino na kuliosha, mama yupo. Tulicheza kwa kioo kidogo na kijiko, yeye akiwa daktari, mimi nikiwa mgonjwa mkorofi. Bibi yake wa Tanga alimsomea dua kwenye simu, na hiyo nayo ilisaidia.

Siku yenyewe walimpima uzito kwanza, kwa sababu dozi inakwenda kwa kilo: kilo 18, miligramu 9. Dawa ilitiwa kwenye sharubati kidogo na bado alikunja uso. Baada ya kama dakika ishirini shingo ikalegea, akaanza kumweleza nesi kwamba paka wetu ana meno mengi kuliko baba. Walitaka kumbana kidoleni kile kifaa cha kusoma oksijeni, lakini kucha zilikuwa nyeusi kwa piko ya harusi, na mwanga wake hausomi vizuri kwenye rangi. Nesi hakubishana. Akamvua soksi, akakibana kwenye kidole gumba cha mguu. Nesi huyo kazi yake ilikuwa moja tu, kumtazama mtoto na ile namba, 98, 97, 98, wala hakushika kifaa cha meno hata mara moja. Niliuliza kama wana flumazenili, dawa ya kuibatilisha midazolamu ikibidi, wakanionyesha kwenye trei, pembeni ya mtungi wa oksijeni. Swali hilo ulizeni popote mtakapokwenda. Wakiwakodolea macho, chukueni mtoto mwondoke.

Jino la neva lilisafishwa na kuvishwa kofia ya chuma. Kuamka hakukuwa kuzuri: alilia, akanipiga, akaikataa hata kanga yangu. Walishanionya kwamba wengine huwa hivyo, na baada ya nusu saa ilipita. Hawakuturuhusu kuondoka mpaka alipokaa mwenyewe, akasema, akanywa maji. Walikataa katakata tusipande boda. Tulikodi gari, mume wangu mbele, mimi nyuma naye nikimshikilia kichwa kisiangukie kifuani, kwa sababu hapo ndipo hewa hubanwa, na jamu ya Ggaba Road mnaijua.

Mchana wote nilikuwa mlinzi wa mdomo. Ganzi hukaa saa mbili tatu, na mtoto huitafuna midomo yake mwenyewe bila kujua. Uji wa vuguvugu, basi. Kesho yake aliniuliza lini tunakwenda kwa daktari. Hakumbuki kiti, hakumbuki sindano. Anachokijua ni kwamba ana jino la fedha, na amelionyesha mtaa mzima.

Bei: dawa ya kutuliza ililipiwa peke yake, na ilizidi gharama ya kuziba jino lenyewe. Ulizeni kabla, kwa maandishi. Kwa daktari na nesi natoa alama zote. Kwa mapokezi, nusu, na nusu hiyo ni kwa sababu wana tabasamu. Gego la pili ni mwezi ujao. Nimeomba tuwe wa kwanza, na safari hii nimeomba jina la aliyeniahidi.