Madalali wa nyumba Tabora: wanafaa nyumba ikiwa na mpangaji mkaidi?

Tangaza leo kwamba nyumba inauzwa Isevya au Cheyo, kesho madalali wako mlangoni. Kwa kutafuta mnunuzi, wanaijua kazi. Wanajua nani kalipwa tumbaku, nani kahamishiwa Tabora kikazi, nani anataka nyumba ya kupangisha. Huduma yao huanza kuyumba pale ndani pakiwa na mtu anayedaiwa kodi na hataki kutoka.

Kosa la kwanza ni kupeleka wateja bila taarifa. Mpangaji anafunga chumba, mteja anaona korido na choo, kisha anaenda kusimulia kwamba nyumba ina mgogoro. Dalali makini hupanga siku maalumu za kuonyesha na kumwarifu mpangaji mapema kwa maandishi. Wengi hawajisumbui, hasa wale wanaotoza hela ya kuonyesha nyumba kwa kila mteja.

Baya zaidi ni ile ahadi ya "huyo niachie mimi, bosi." Ukiuliza atamtoaje, utasikia habari za kung'oa mlango, kukata umeme au kuezua bati. Ukikubali, mpangaji atakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio, yaani amri ya kukusimamisha, na mnunuzi akisikia neno "zuio" hapokei tena simu. Wa kumtoa mtu ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, na huyo hapatikani kijiweni.

Kazi ya notisi mpe wakili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, upangaji usiotaja muda huhesabiwa kwa kipindi cha kulipa kodi: anayelipa kila mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Notisi iwe na nakala mbili, na mpangaji asaini moja. Akikataa kusaini, mkabidhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na shahidi mwingine, waandike tarehe. Baada ya hapo usipokee kodi ya miezi inayofuata bila kumuuliza wakili, kwa sababu kila risiti humpa mpangaji hoja kwamba umeifuta notisi mwenyewe. Wengi hunaswa hapo.

Dalali akikwambia "mnunuzi atamtoa mwenyewe," mwombe aseme hivyo mbele ya mnunuzi. Upangaji haufi kwa sababu nyumba imebadili mmiliki. Mnunuzi anaurithi pamoja na matatizo yake. Kodi iliyolipwa mbele nayo lazima ipigiwe hesabu. Mpangaji wa 100,000 kwa mwezi aliyelipa hadi Juni, nyumba ikauzwa mwisho wa Machi, basi 300,000 ni za mnunuzi na zinakatwa kwenye bei. Mikataba inayoandikwa na madalali mara nyingi huruka kipengele hiki.

Njia inayoisha haraka ni kumnunua atoke. Tuseme anadaiwa miezi minne ya 80,000, yaani 320,000. Kumsamehe deni hilo na kumwongezea gari la kuhamisha vyombo ni nafuu kuliko kumpunguzia mnunuzi milioni mbili kwa sababu ya kero. Ila makubaliano yaandikwe kwa wakili, na pesa itoke siku ya funguo, vyumba vikiwa vitupu na bili ya maji ya TUWASA imekaguliwa. Akidai arudishiwe kodi ya majengo iliyokuwa ikikatwa kwenye umeme wake wa LUKU, usimfokee, maana kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Ihesabu ndani ya deni unalomsamehe.

Kwenye makaratasi madalali wengi ni wepesi mno. Hawakwambii kwamba faida ya mauzo ina kodi ya asilimia 10 ya kulipa Mamlaka ya Mapato (TRA), na kwamba risiti za saruji, bati na fundi ndizo zinazopunguza faida hiyo ikipigwa hesabu. Hawakumbushi ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, zinazohamisha nyumba yenye hati, huzisikia kwa wakili.

Kutafuta mnunuzi: nyota nne. Kumshughulikia mpangaji: moja, tena kwa wale wanaokubali kukaa kando. Asilimia zao si ghali wakibaki kwenye kazi wanayoiweza, lakini kubalianeni kwa maandishi kabla hawajaleta mteja wa kwanza. Andikeni bei unayotaka mkononi, ili wasiongeze cha juu chao kwa mnunuzi, na asilimia yenyewe. Nusu ilipwe mkataba ukisainiwa, na nusu mnunuzi akishika funguo za nyumba tupu.